Mashua kuukuu kwa laki mbili

Mkaanga samaki asiye na chombo Lamu hununua kilichobaki. Nguru, kolekole na tewa huwa wana mwenyewe hata kabla mashua haijafunga kamba gatini. Tajiri aliyempa nahodha mashine au nyavu kwa mkopo ndiye anayepima kwanza, tena kwa bei yake. Sisi wa karai tunapata tafi, pono na changu wadogo, na siku za kusi, upepo ule mkali wa katikati ya mwaka, hata hao tunawagombania. Kwa hiyo zamu yangu ya chama ilipofika, nikajumlisha na akiba yangu, nikamwambia kaka yangu atafute mashua. Nilikuwa na Sh200,000, na kila kitu kilitakiwa kitoke humo humo.

Kaka amevua tangu aache shule, siku zote katika vyombo vya watu. Aliniambia wazi kwamba kwa pesa hizo nisahau mashua mpya ya futi 24, kwani mbao za mbambakofi peke yake zingemaliza fungu kabla fundi hajalipwa. Tungetafuta kuukuu. Mimi sikuona ubaya. Lamu kuna vyombo vilivyokuwa vikivua kabla sijazaliwa na bado vinavua, kwa sababu mashua ya mbao hubadilishwa ubao mmoja mmoja. Umri wake haukwambii mengi. La kuuliza ni nani aliyebadilisha mbao hizo, na kwa misumari gani.

Kabla ya kutazama chombo chochote tulikwenda Matondoni kwa mjomba wetu, ambaye ni fundi wa vyombo. Neno lake la kwanza lilikuwa juu ya pesa: nusu ya kununulia, nusu ya ufuoni. "Ukinunua kwa laki mbili," alisema, "utakuwa na chombo kizuri cha kukalia pwani." Nikakubali. Nikamwambia pia kwamba kila siku atakayotoka nasi kwenda kutazama nitamlipa ujira wake. Alikataa kwa sauti ndogo, kisha akapokea. Jamaa asiyelipwa huona haya kukuharibia furaha, akakwambia maneno ya kukuridhisha. Fundi aliyelipwa anakwambia mbao imeoza. Na fundi unayeletewa na muuzaji ni fundi wa muuzaji, hata akiwa mtu wa msikitini.

Tulianza kutafuta mwezi wa Juni, kusi imeshika. Wakati huo mashua ndogo hazithubutu kutoka nje ya miamba. Nyingine huvua ndani kwa ndani, kwenye mikono ya bahari iliyozungukwa na mikoko, na nyingine hupandishwa pwani mpaka upepo ulainike. Mwenye chombo anakula akiba na ada ya shule inamngoja, kwa hiyo bei ya Juni haifanani kabisa na ya Desemba, kaskazi ikianza kuvuma na kila mtu anataka kutoka. Kuna wanaosema usinunue kusi kwa sababu huwezi kukijaribu chombo kwenye bahari kuu. Wana haki yao, lakini wenye kusema hivyo mara nyingi wana pesa za kusubiria.

Ubaya wa mashua iliyokaa juu ni kwamba imekauka. Mbao husinyaa, viungo hufunguka, na ukiisukuma majini itavuja hata kama ni nzima. Ukiona mwanga wa jua ndani ya ngama, chini kabisa tumboni mwa chombo, usikimbie, na usikubali pia kila unaloambiwa kwamba "itakunywa maji, itafunga". Kiungo kilichofunguka kwa ukavu kina kingo kavu na ngumu. Kilichofunguka kwa kuoza, ukikigusa kwa kucha kinaacha unga.

Mjomba alichagua siku za kutazama kwa mwezi. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Hujaa alfajiri, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi yamekupwa, mashua imesimama kavu juu ya magadi, magogo yanayoiegemeza. Kwa hiyo siku moja inatosha kukiona chombo mara mbili: alfajiri kinaelea, ukaangalia maji yanavyoingia ngamani, na kabla ya adhuhuri ukapita chini yake na nyundo. Maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, hayakupi nafasi hiyo, kwani sehemu ya chini haitoki nje vizuri. Muuzaji mmoja alitubembeleza sana tuje "wiki ijayo, hakuna haraka". Wiki ijayo ilikuwa maji mafu. Hatukwenda.

Mashua ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya, samawati na nyeupe, inanukia bado. Kaka aliipenda. Mjomba hakuitazama rangi kabisa. Aliingia ndani, akainua mbao za kukanyagia, akagonga chini kwa mpini wa nyundo, kisha akanyamaza kidogo na kugonga tena. Akaniita, "Njoo uone." Ngama yote ilikuwa imemwagwa saruji. Mwenye mashua akaeleza kwamba ni ya kuipa uzito, isiyumbe. Huenda ndivyo alivyoambiwa na yeye. Lakini saruji haishikani na mbao milele. Baina yao hubaki upenyo, maji huingia humo na kutulia, na mbao huoza pasipo mtu kuona. Mjomba alisema tu, "Hapa hakuna mkuku, hapa kuna nyumba," akavaa makubadhi yake. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo, gogo la chini kabisa.

Ya pili ndiyo iliyotugombanisha mimi na kaka. Mbao zake zilikuwa nzuri, bei yake nzuri, na mjomba mwenyewe aliipa baraka. Mwenye mashua alikuwa marehemu, na muuzaji ni mwanawe mkubwa. Nilimuuliza warithi wengine ni nani. Akasema yuko mama yake, na dada zake wawili wameolewa Faza, na wote wamekubali. Nikamwambia basi na waje, au waandike mbele ya kadhi, nami nalipa siku hiyo hiyo. Alikasirika, akaniuliza kama namwita mwizi. Sikumwita mwizi. Lakini katika mirathi yetu mjane aliyeachwa na watoto ana thumuni yake, na kila binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na chombo ni mali kama shamba. Mtu mmoja hawezi kuniuzia thumuni ya mama yake. Nilikwisha kuona gatini mama mzima amekaa juu ya usukani wa mashua, hataki ushushwe majini mpaka alipwe haki yake, na mnunuzi kasimama kando hana la kusema. Kaka alinuna siku kadhaa.

Ya tatu ilikuwa ya mzee ambaye magoti yalikuwa yamemshinda. Wanawe walikuwa wanaendesha bodaboda Mokowe, hakuna aliyetaka bahari. Rangi ilikuwa inabanduka, na hilo lilinifurahisha, maana hapakuwa na kilichofichwa. Futi 24, imejengwa Matondoni, mlingoti wa mvinje, tanga limechanika. Alfajiri ilipokuwa inaelea, kaka alikausha ngama kwa kopo, tukakaa juu yake tukinywa chai mpaka jua lilipopanda. Maji yaliingia ya kukumba kwa kopo kidogo tu, upande mmoja.

Ilipokauka mjomba alianza na uzi. Alivuta mshipi wa kuvulia kutoka fashini ya mbele, gogo linalosimama mwisho wa chombo, hadi ya nyuma, chini ya mkuku, akainama kuutazama. Mashua iliyozeeka vibaya hulegea miisho yake miwili, katikati ikabaki juu, na mkuku ukishapinda hivyo hakuna fundi wa kuunyoosha kwa bei ya maskini. Huu ulikuwa umenyooka. Alisema ungekuwa umepinda asingeichukua hata bure.

Halafu akatoa kisu kidogo, kile anachomenyea machungwa, akaanza kudunga pale ubao wa kwanza unapokaa juu ya mkuku. Anadunga, anasogea upana wa vidole vinne, anadunga tena. Nilikuwa nafuata nyuma yake nikisikiliza. Kisu kikigota kwenye mbao nzima kinatoa mlio mkavu, na mkono wake unarudi. Upande wa kulia mlio ulikuwa ule ule mwanzo mpaka mwisho. Upande wa kushoto, kufika katikati, kisu kiliingia bila sauti. Juu ya hapo mbao tatu zilikuwa na michirizi ya kutu chini ya kila kichwa cha msumari. Mjomba akaomba ruhusa ang'oe mmoja. Mzee akasema ng'oa.

Ule msumari ninao mpaka leo. Kichwa chake kizima, ncha yake nzima, lakini kiunoni umeliwa ukawa mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Mbao iliyouzunguka ilikuwa nyeusi na laini. Mjomba akang'oa wa pili upande wa kulia kulinganisha: ulitoka kwa shida, wa kijivu, umevishwa pamba iliyokuwa bado na mafuta. Ule wa kulia ulikuwa wa zinki, yaani chuma kilichovishwa zinki, wa siku mashua ilipojengwa. Wa kushoto ulikuwa wa chuma kitupu, wa kujengea vibanda, uliopigwa na mtu aliyebadilisha mbao zile tatu miaka ya karibuni. Kutu ya msumari haiishii kwenye msumari. Inakula na mbao inayoushika. Sehemu mbovu ya mashua ile ilikuwa ile iliyotengenezwa juzi, na tangu hapo mtu akiniambia chombo chake "kimefanyiwa matengenezo makubwa" ninataka kuona matengenezo hayo kwanza.

Sehemu nyingine iliyokuwa imeoza ilikuwa juu, mbele, chini ya sakafu ndogo ya omo ambapo maji ya mvua yalikuwa yakitulia. Mtu wa bara anaweza kustaajabu, lakini bahari haiozeshi mbao kama mvua inavyoozesha. Chumvi inahifadhi. Maji matamu yakikaa kwenye pembe isiyopata upepo, taruma, ubavu wa chombo, linaoza kwa ndani huku ngozi yake inang'aa. Mataruma mawili yalikuwa hivyo. Mjomba alinusa tu akajua.

Hapo sikusema bei. Nilikwenda gatini kuuliza watu wengine, kwa sababu chombo kinaweza kuwa na deni ambalo halijaandikwa popote ila midomoni. Nikaambiwa kwamba mashine na nyavu zilikuwa za tajiri, na mzee alipoacha kwenda baharini alirudisha vyote, wakamalizana mbele ya watu. Kilichobaki ni mbao na tanga. Habari hiyo ilikuwa na thamani kuliko punguzo. Chombo chenye deni la tajiri ukikinunua, samaki wake bado ni wa tajiri, na mimi ndilo hasa nililokuwa nalikimbia.

Mzee alitaka Sh140,000. Sikubishana naye. Mjomba ndiye aliyeongea, tena hakutaja pesa: alihesabu kwa sauti mbao tatu, mataruma mawili, tanga, pamba, siku za kazi, huku mzee akiitikia kwa kichwa, kwani yeye ndiye aliyezijua kuliko sote. Mwisho mzee akasema mwenyewe, "Basi, mwanangu, una ngapi?" Tukakubaliana Sh90,000. Tuliandikishana ofisini kwa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, mwenyekiti na mashahidi wawili, namba ya chombo ikahamishwa kwa jina langu. Katibu aliniuliza mara mbili kama kweli niandikwe mimi na si kaka. Leseni ya chombo kutoka idara ya uvuvi hukatwa kila mwaka, na mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya hutaka kuona maboya ya kuvaa, si kuambiwa kwamba yapo nyumbani. Gharama hizi si kubwa moja moja, ila uziweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kuhusu mashine niseme kwa ufupi, kwa sababu mwaka ule hatukununua. Tulikuwa tumeonyeshwa Yamaha ya nguvu za farasi 15, ya zamani, iliyowaka kwa mvuto mmoja. Kaka aliweka kiganja juu yake kabla haijavutwa kamba: ilikuwa ya moto tayari. Mashine mbovu ikishapashwa huwaka vizuri, kwa hiyo iguse ingali imezimwa. Kisha angalia kama inarusha maji ya kupoza kwa nguvu, na mwombe mwenyewe afungue oili ya gia chini: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya chumvi yameshaingia ndani.

Mbao zilikuja pwani kwa punda, kama kila kitu hapa. Kwa mataruma, mjomba alizunguka siku nzima kutafuta tawi la muarobaini lenye mpindo ule ule wa taruma la zamani. Tawi lililopinda lenyewe lina nguvu, kwani nyuzi za mti zinafuata mpindo. Ukichonga mpindo kutoka mbao iliyonyooka unazikata. Kijana mmoja wa pwani alinishauri nifunike mashua yote kwa faiba (fiberglass) niachane na kalafati, ile pamba ya kuziba viungo. Mjomba alikataa. Faiba juu ya mbao kavu na mpya ni jambo jingine, lakini juu ya mbao za miaka ishirini zilizojaa chumvi na mafuta haishiki, na ikiachia sehemu moja maji hukaa baina. Kijana akasema siku hizi hata jahazi la plastiki linajengwa, na ni kweli. Flipflopi ilijengwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, ikatweka tanga mpaka Zanzibar mwaka 2019. Mimi nilikuwa na Sh110,000 tu, si wafadhili.

Misumari ya zinki niliinunua mwenyewe nikaihesabu mbele ya vijana wa fundi, ili isije ikachanganywa na ya vibanda. Kila mmoja ulitobolewa tundu kwanza, ukavishwa pamba yenye mafuta, ndipo ukapigwa. Viungo vyote vilisafishwa na kutiwa kalafati mpya, upande wa kulia pia, kwa sababu pamba ya zamani ilikuwa imekauka na kazi ya kuisimamisha mashua juu ya magadi ilikuwa imeshalipiwa. Chini wakaichoma kwa makuti, moto wa haraka haraka, kuua wadudu wanaotoboa mbao, wakapaka chokaa iliyochanganywa na shahamu. Juu na ndani ikapakwa sifa, mafuta ya papa. Wateja wangu wa karai walijua ninakotoka kabla sijafika.

Matengenezo yote yalikula Sh58,000, tanga la turubai likiwemo. Zilizobaki zilikwenda kwa nanga, kamba, maboya, mishipi na leseni. Ilipotiwa majini ilivuja kama kawaida, kaka na kijana wake wakalala humo wakikumba maji kwa zamu, mpaka mbao zilipokunywa maji zikajaa, na ngama ikawa ya kukumbwa asubuhi na jioni tu.

Msimu wa kwanza walivua kwa tanga na mshipi. Kwa hesabu ya kawaida ya hapa, ukishatoa chakula na mafuta, chombo kina fungu lake, mashine fungu lake, nyavu fungu lake, na kila baharia lake. Mimi nilikuwa na fungu moja tu, la chombo. Lakini samaki nilikuwa napima wa kwanza, kwa bei ya siku, na ndilo lililokuwa jambo langu. Karai langu sasa lina kolekole, na siku njema vipande vya nguru.

Mashine ilikuja kaskazi ya pili, farasi 15, iliyokwisha tumika lakini baridi tulipoigusa. Kaka alitaka 25. Mjomba alipanda tezi, nyuma ya chombo, akagonga ubao wa nyuma, akasema mashua hii ilijengwa kwa tanga na ubao ule hautabeba mtikisiko wa mashine kubwa kwa muda mrefu. Ukitaka 25, badilisha kwanza ubao na magoti yake, vile vipande vilivyopinda vinavyoushikilia. Kaka bado analipigia hesabu jambo hilo. Mimi nimemwambia fedha ya mwaka huu ina kazi: ubao wa nne upande wa kushoto umeanza mchirizi wa kutu, na bamvua ya Juni mashua inapandishwa juu.